Uchumi unakua, mbona daftari langu la madeni linazidi kujaa?

MwenyeDuka_Kihonda:

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisaidie jambo ambalo nimelizungusha kichwani muda mrefu bila kupata jibu.

Nina duka la rejareja hapa Kihonda, Morogoro. Nauza sukari, unga, mafuta ya kupimia, sabuni, viberiti, vocha, yaani mahitaji ya kila siku ya nyumbani. Nakaa dukani mwenyewe, na mke wangu anashika zamu nikienda mjini kufuata mzigo. Kwa hiyo watu wa mtaa huu nawafahamu kwa wanachonunua. Najua nani kapata kibarua na nani kibarua kimekata, kabla hata jirani yake hajajua.

Kila mwaka tunasikia uchumi umekua. Mwaka 2024 ulitajwa kukua kwa asilimia 5.5, na mfumuko wa bei ukawa asilimia 3.1. Sitaki kusema wanaotangaza ni waongo. Nataka kuelewa tu, maana ninachokiona mimi nikiwa nyuma ya kaunta ni kingine.

Kuna fundi ujenzi mmoja, mteja wangu tangu nafungua. Zamani akilipwa Jumamosi anakuja na kikapu: sukari kilo mbili, mafuta lita nzima, unga wa wiki. Siku hizi anamtuma mtoto jioni na sarafu mkononi: sukari robo, mafuta ya mia tano. Kesho yake tena hivyo hivyo. Na mnajua hesabu ya robo ilivyo. Kilo ya sukari nauza 3,000, robo nauza 800, kwa sababu kuna kifungashio, kuna inayomwagika na kuna muda wa kupima. Mwenye elfu tatu mfukoni anapata kilo yake. Yule anayeokoteza robo nne analipia kilo ile ile 3,200. Mafuta ya kupimia ndiyo usiseme. Asiye nacho ndiye anayelipa bei kubwa kuliko wote mtaani, na mimi ndiye ninayemtoza, kwa sababu nisipofanya hivyo duka linafungwa.

Halafu kuna daftari. Zamani walioandikwa humo walikuwa wachache, tena ni kusubiri mwisho wa mwezi tu. Sasa wameingia mpaka watu wenye ajira, na wengi wanalipa deni asubuhi ili wakope upya jioni.

Na kuna hili la uchumi wa kati. Julai 2020 Benki ya Dunia ilitutangaza kuwa nchi ya kipato cha kati cha chini, kwamba wastani wa pato la kila mtu kwa mwaka 2019 umefika dola 1,080. Nikakaa na kikokotoo. Kwa dola ya wakati ule, shilingi 2,300 hivi, inakuja kama laki mbili na elfu saba kwa mwezi kwa kila kichwa, mtoto mchanga naye akiwemo. Nyumba ya watu watano ilipaswa iwe inaingiza zaidi ya milioni moja kila mwezi. Nikaipitia mitaa yangu kichwani, nyumba moja moja. Nyumba za namna hiyo zinahesabika.

Sasa swali langu: hizi takwimu zinapima nini hasa? Na je, ipo takwimu yoyote inayoyaona maisha ya fundi wangu yule?

---

Kijana_wa_Mjini:

Mkuu usijisumbue. Takwimu zinapikwa. Fanya biashara yako.

---

MdadisiWaZamani:

Kaka mwenye duka, umeuliza vizuri na nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu nimewahi kufanya kazi ya udadisi. Nimepita kaya kwa kaya na madodoso ya utafiti wa mapato na matumizi, nikakaa kwenye mikeka ya watu, nikaandika walichokula. Kwa hiyo wewe kijana unayesema zinapikwa, mimi sikupika kitu. Kama unalalamikia kwamba mwaka 2018 sheria ya takwimu ilirekebishwa ikawa jinai kutoa takwimu zinazopingana na za serikali, hapo nipo nawe. Lilikuwa jambo baya na mwaka uliofuata likarekebishwa tena. Lakini tatizo la kaka huyu ni jingine. Namba zinaweza kuwa sahihi kabisa na bado zisimhusu fundi wake.

Nianze na Pato la Taifa. Linajumlisha thamani ya vitu na huduma zote zilizozalishwa nchini kwa mwaka. Reli ya SGR ikijengwa, imo. Dhahabu ikichimbwa Geita, imo, hata kama sehemu ya faida inakwenda kwa wenye hisa nje. Faida ya benki imo. Mahindi uliyolima ukala mwenyewe yanakadiriwa, yamo. Hata nyumba yako unayoishi bila kulipa kodi inakadiriwa pango lake na kuingizwa. Lakini mkeo akipika, akiogesha watoto, akimuuguza mama mkwe mwaka mzima, hiyo haimo. Ule wastani wako wa dola 1,080 unatokana na jumla inayofanana na hiyo, ila Benki ya Dunia hutumia pato la wananchi (GNI), ambalo huondoa faida inayokwenda nje na kuongeza inayoingia kutoka nje, halafu hugawa kwa idadi ya watu. Hakuna aliyesema ni mshahara wa mtu. Na kizingiti cha kuingia kipato cha kati mwaka ule kilikuwa dola 1,036. Tulivuka kwa dola 44. Hakuna nyumba iliyoamka tarehe 1 Julai ikiwa na kitu ambacho jana yake haikuwa nacho.

Halafu angalia nani anazalisha nini. Kilimo kinachangia karibu asilimia 26 ya Pato la Taifa, lakini zaidi ya nusu ya Watanzania wenye kazi wamo humo. Sekta ikiwa na watu wengi na sehemu ndogo ya pato, ukuaji wa sekta nyingine unaweza kuipandisha namba ya taifa bila kuwagusa.

Sasa mfumuko wa bei, na hapa kaka naomba unisome polepole. Bei hupimwa kwa kikapu cha bidhaa, na kila kundi lina uzito wake. Katika kikapu cha mwaka wa kizio 2020, yaani mwaka ambao bei zake ndizo za kulinganishia, chakula na vinywaji baridi vina uzito wa asilimia 28.2. Kikapu kilichotangulia kilikuwa asilimia 38.5. Kwa nini 28 wakati nyumba nyingi za mtaani kwako chakula kinameza zaidi ya nusu ya hela? Kwa sababu uzito unatokana na jumla ya shilingi zilizotumika nchi nzima. Anayetumia milioni tano kwa mwezi ana sauti mara hamsini ya anayetumia laki moja. Kikapu hupiga kura kwa shilingi, hakipigi kura kwa vichwa. Chukua mfano: bei ya chakula ipande kwa asilimia 10 na ya vingine vyote isipande kabisa. Taifa litasoma mfumuko wa asilimia 2.8. Nyumba ambayo asilimia 60 ya matumizi yake ni chakula itakuwa imepandiwa kwa asilimia 6. Na hapo hakuna aliyedanganya.

Kuhusu robo na mia tano zako, tuliziona. Kwenye utafiti, kaya inaachiwa shajara na kila siku inaandika ilichonunua. Nakumbuka mama mmoja aliandika "nyanya fungu 500, dagaa 500, mafuta 300", siku baada ya siku, na kazi yangu ilikuwa kupata uzito wa kila kitu. Nilikwenda na mizani gengeni alikonunua. Bei ya fungu ilikuwa ile ile ya nyuma. Nyanya zilikuwa zimepungua, na zilizobaki zilikuwa ndogo. Muuza genge akaniambia hawezi kupandisha bei, wateja watakimbia, kwa hiyo anapunguza fungu. Usipobeba mizani, unaandika kwamba bei haijapanda.

Na sasa daftari lako, ambalo kwangu ndilo jambo zito kuliko yote uliyoandika. Umaskini kwetu unapimwa kwa matumizi, haupimwi kwa kipato. Mtu akichukua unga kwako kwa mkopo, unaandikwa kuwa ametumia, kwa sababu kweli ameula. Nyumba inayokula kwa mshahara na nyumba inayokula kwa daftari zikila sawa, zinaonekana sawa. Kuna sababu nzuri ya kupima hivyo: kipato cha mkulima au kibarua hakieleweki mwezi hadi mwezi, na watu hawapendi kukitaja, lakini alichokula anakikumbuka. Hata hivyo deni linabaki nje ya picha, na deni ndilo linalomkosesha mtu usingizi.

Uliuliza kama ipo takwimu inayomwona fundi. Ipo iliyo karibu. Tafuta ripoti ya Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi ya 2017/18, Tanzania Bara. Mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi uliwekwa shilingi 49,320 kwa mwezi kwa mtu mzima mmoja. Gawa kwa siku thelathini uone: haifiki 1,650 kwa siku, kwa kula, kuvaa, kulala, kila kitu. Waliokuwa chini ya hapo walikuwa asilimia 26.4. Mwaka 2011/12 walikuwa asilimia 28.2. Katika miaka hiyo hiyo uchumi ulikuwa ukikua kwa asilimia sita hivi kila mwaka. Weka hizo namba mbili pamoja. Uchumi umekua miaka sita mfululizo, umaskini umeshuka kwa pointi 1.8. Na kwa kuwa watu wanaongezeka, asilimia inaweza kushuka huku idadi ya maskini isishuke. Hiyo ni takwimu ya serikali, imechapishwa na serikali, na inasema hicho hicho unachokisema wewe.

---

Jirani_Kisumu:

Ndugu, salamu kutoka Kenya. Hayo yako tumeyaishi huku.

Septemba 2014 serikali yetu ilibadilisha mwaka wa msingi wa hesabu, uchumi ukapanda kwa takriban asilimia 25 kwa siku moja na tukaingia kipato cha kati. Nilikuwa nafanya kazi kwa karakana, na mshahara ulikuwa ule ule. Sisemi walikosea, biashara nyingi mpya hazikuwa zimehesabiwa na ilikuwa lazima zihesabiwe.

Ila namba inayoniuma mimi ni ya ajira. Ripoti ya uchumi iliyotoka 2024 ilisema mwaka 2023 uchumi ulikua kwa asilimia 5.6, na nafasi mpya za kazi 848,200 zikapatikana. Ukisikiza hapo unafurahi. Endelea kusoma: nafasi 720,900 kati ya hizo ni za sekta isiyo rasmi. Hiyo ni jua kali, ni mitumba, ni mtu amekopa pikipiki akaanza bodaboda. Mdogo wangu ana diploma na amehesabiwa hapo kama mtu aliyepata kazi. Anauza viazi karai kando ya barabara. Kazi ni kazi, na namheshimu kwa hiyo, lakini hana mshahara wa mwezi, na mvua ikinyesha hana chochote.

Wakati vijana walijaa barabarani Juni 2024 kwa sababu ya ule mswada wa fedha uliotaka kuongeza kodi, mpaka tarehe 25 wakaingia Bunge, wako watu waliuliza hasira inatoka wapi na uchumi uko sawa. Wangesoma ripoti hiyo hiyo mpaka mwisho.

---

Mwl_Hisabati:

Naongeza kidogo kwa aliyoyasema dada mdadisi. Kasoro ya wastani inajulikana tangu mwanzo. Simon Kuznets, mchumi aliyeongoza kazi ya kukokotoa pato la taifa la Marekani, aliliandikia Bunge la nchi hiyo mwaka 1934 kwamba ni vigumu ustawi wa taifa kukisiwa kwa kipimo cha pato la taifa. Aliyetengeneza kipimo ndiye aliyeonya.

Mwenye duka, ukitaka namba inayokaribia maisha ya mtu wa katikati, ulizia mediani. Wapange watu wote kwa matumizi yao kuanzia wa chini mpaka wa juu, halafu mwangalie aliyesimama katikati. Tajiri akiongezewa bilioni, wastani unapanda, lakini huyu wa katikati hatikisiki.

---

Muuguzi_Njombe:

Nimesoma yote na naomba nisimame upande ambao haujasemewa. Zipo takwimu zinazoyaona maisha, na zingine zinatoa habari njema. Tusizitupe zote.

Nafanya kazi kliniki ya mama na mtoto. Utafiti wa afya wa 2004/05 ulikuta watoto 112 kati ya kila 1,000 wanaozaliwa hai wanafariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Wa 2015/16 ulikuta 67. Wa 2022 ulikuta 43. Walioanza kazi zamani wodini hawahitaji kusimuliwa maana yake. Chandarua, chanjo, dawa mseto ya malaria, zahanati iliyosogea karibu, barabara inayopitika masika: vyote vina sehemu. Huyo mtoto anayetumwa sukari robo hapo Kihonda ana nafasi kubwa ya kukua kuliko aliyezaliwa miaka ishirini nyuma. Mwenye duka, hilo daftari lako haliwezi kulionyesha.

Sasa niseme upande wa pili, kwa sababu ndio unaonikereketa. Utafiti huo huo wa 2022 ulikuta watoto asilimia 30 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Na mikoa inayoongoza ni ipi? Iringa, Njombe na Rukwa. Katika mikoa hii mitatu, mtoto mmoja kati ya wawili hivi amedumaa, Iringa hata kuzidi. Hii ndiyo mikoa inayolisha nchi. Mahindi yanatoka huku, viazi mviringo vinatoka huku, parachichi za kusafirishwa nje zinatoka huku kwetu Njombe. Mtu akitazama pato la mkoa atasema hawa wana nafuu.

Njoo ukae kliniki siku moja. Mama anafika na mtoto wa mwaka mmoja na nusu, mgongoni, kavikwa sweta na kofia, mashavu yamejaa. Ukimpima uzito, hana shida sana. Ukimlaza kwenye ubao wa kupima urefu, ukamnyoosha miguu, ndipo kadi inakwambia mtoto huyu ni mfupi kuliko umri wake. Unamuuliza mama, anakula nini? Uji asubuhi, ugali na mboga za majani jioni. Mchana mama yuko shamba, mtoto kabaki na dada yake wa miaka saba, na dada humlisha kiporo kikiwapo. Maziwa? Yanauzwa. Mayai? Yanauzwa, ada na sare zinangoja. Parachichi? Nzuri zimekwenda na gari la mnunuzi.

Kila yai lililouzwa limeingia kwenye Pato la Taifa kwa bei nzuri. Mtoto angelila, lingehesabiwa pia, kama alivyoeleza dada mdadisi, lakini hakuna jedwali la pato litakalokwambia liliishia mdomoni mwa nani. Ubao wangu unasema. Ndiyo maana nikiulizwa takwimu gani nitaiamini kupima kama watu wanaishi vizuri, nitasema urefu wa watoto kwa umri wao. Hauwezi kukopeshwa, na dola ikipanda au ikishuka hautikisiki.

---

MwenyeDuka_Kihonda:

Nawashukuru sana, dada mdadisi na dada muuguzi hasa. Ndugu wa Kisumu, mpe salamu mdogo wako.

Hili la deni kuonekana kama matumizi limenigusa. Leo nimefungua daftari na kuangalia wanachokopa. Sabuni wanaahirisha. Chai wanaahirisha. Wanachokopa ni unga, mafuta na dagaa. Kumbe kwenye ripoti wataonekana wamekula kama kawaida, na ni kweli wamekula.

Na dada wa Njombe, nimekubali kwamba watoto wanaoishi ni wengi kuliko zamani. Mama yangu alizika wawili kabla yangu. Sitalisema hilo jambo kuwa dogo. Ila naona tuna haki ya kuuliza yote mawili kwa pamoja: mtoto amepona, je, anakula nini?

Swali la mwisho kwa dada mdadisi. Wadadisi wakija tena huku kwetu, kuna kitu mtu wa kawaida anaweza kufanya ili hali yake ionekane ilivyo?

---

MdadisiWaZamani:

Kipo, tena kikubwa. Watu wengi mdadisi akiingia wanaona aibu. Wanamwandikia kilo badala ya robo, nyama ya Jumapili wanaifanya ya kila siku, hawataki mgeni ajue kwamba jana walilalia uji. Wengine wanafanya kinyume, wanaficha wakidhani watapangiwa kodi au wataandikiwa msaada. Sheria ya takwimu inakataza taarifa za kaya moja moja kutolewa kwa mtu mwingine. Jina lako halifiki kwa mtu wa kodi.

Kwa hiyo wewe waambie wateja wako, maana wanakuamini. Kaya ikichaguliwa, waandike robo kuwa robo. Waandike bei waliyolipa dukani kwako, 800, wasiandike ile ya mwenye kilo. Fungu la nyanya wamwonyeshe mdadisi alipime kabla halijaingia sufuriani. Siku wasiyonunua kitu waache ukurasa mtupu, wasijaze kwa kumwonea haya mdadisi. Na unga wa mkopo waandike siku walipouchukua, na pembeni waandike kwamba haujalipiwa. Mdadisi mzuri ataliona hilo na ataliuliza.